Picha hazijaharibika, ni programu tu imebadilika

Shemeji alinipigia usiku, sauti imemkauka. "Shemeji, picha zangu zote zimeharibika." Kila faili kwenye folda ilikuwa imevaa nembo asiyoijua, na akibofya mara mbili hata kapicha ka pasipoti, kompyuta inahema karibu nusu dakika ndipo imfungulie dirisha lililojaa brashi, mikasi na vibao vya rangi. Nikamwuliza kitu kimoja tu: leo umesakinisha nini? Akanyamaza kidogo. "Ile programu ya kuhariri picha. Lakini hiyo mbona haihusiani?"

Inahusiana sana. Baada ya kuisakinisha, mara ya kwanza alipobofya picha, Windows ilimletea kidirisha cha kumwuliza aifungue kwa programu gani, na ile mpya ikiwa miongoni mwa zilizoorodheshwa. Akaichagua, akabonyeza "Always", akaendelea na shughuli zake. Simlaumu. Swali hilo huja wakati mtu anataka kuona picha, si kusoma maswali.

Picha yenyewe haijui itafunguliwa na nani. Ndani ya faili ya kawaida ya JPEG hakuna mahali palipoandikwa "nifungue kwa programu fulani". Habari hiyo inakaa kwenye mfumo wa kompyuta, katika kitu ambacho mimi hukifikiria kama daftari: upande mmoja aina ya faili, upande wa pili jina la programu. Kwenye Windows aina hiyo hutambuliwa kwa kiendelezi, yaani zile herufi za mwisho wa jina baada ya nukta. Mimi nimezoea kuuita mkia. Mkia wa .jpg una herufi tatu, badala ya .jpeg yenye nne, kwa sababu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, jina la faili liliruhusiwa herufi 8 na mkia herufi 3, basi.

Kwa hiyo unapobadilisha programu chaguomsingi huigusi picha hata kidogo. Unafuta mstari mmoja kwenye daftari na kuandika mwingine, na ukijuta unaandika tena ule wa zamani.

Kwenye Windows nilimwelekeza hivi: bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Open with", kisha "Choose another app". Chagua programu nyepesi ya kutazama, halafu uangalie vizuri vitufe viwili vya chini. "Just once" inafungua safari hii tu na haiandiki chochote. "Always" ndiyo inayoandika. Windows 10 ina kisanduku cha kutia tiki mahali pa vitufe hivyo, na ukikisahau utarudia kazi hiyo kila siku ukidhani kompyuta ina kiburi.

Akafanya. Picha ikafunguka papo hapo. Akafungua ya pili, ikarudi kwenye brashi na mikasi.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, nami huulizwa kuhusu hapa kuliko mahali pengine popote. Ile ya kwanza ilikuwa .jpg, ya pili .png. Kwetu sisi zote ni picha, lakini daftari la Windows halina mstari uitwao "picha". Lina mstari wa .jpg, mstari wa .jpeg (ndiyo, mbali na .jpg, ingawa ni kitu kilekile), wa .png, wa .gif, wa .bmp, wa .webp, kila mmoja peke yake. Njia ya kuokoa muda ni kuingia kwenye mipangilio, "Apps", kisha "Default apps", ukaitafuta programu unayoipenda na kuibofya. Utaona mikia yote ambayo programu hiyo inaweza kuifungua, na unaipitia mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika mbili tatu, inachosha, lakini unaifanya mara moja.

Kabla hujaanza, fanya mikia ionekane, kwa sababu Windows huificha isipoambiwa vinginevyo. Kwenye dirisha la folda nenda "View", "Show", "File name extensions". Mimi huwasha hiyo kwenye kila kompyuta ninayoishika, na si kwa ajili ya picha tu. Faili iitwayo harusi.jpg.exe, mkia wake ukifichwa, husomeka harusi.jpg, na mwenye nia mbaya anaweza kuivisha nembo ya picha. Hiyo ni programu, na ukiibofya itaendeshwa.

Zamani programu ikisakinishwa iliweza kujiandika yenyewe kwenye daftari bila hodi. Tangu Windows 8, chaguo lako huhifadhiwa pamoja na muhuri: msimbo unaokokotolewa kutokana na mkia, programu uliyochagua, utambulisho wa akaunti yako na wakati ulipochagua. Programu ikijipenyeza na kubadilisha mstari bila muhuri sahihi, Windows huukataa na kurudisha programu yake yenyewe. Ndiyo maana mbinu za kuhariri kwa mkono rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows lilimo daftari hilo, zilizofaa miaka ile, siku hizi hukuacha na taarifa kwamba chaguo limewekwa upya. Pitia kwenye mipangilio tu.

Wa Mac mna mtego wenu. Ukichagua faili, ukabonyeza Command na I, ukabadilisha sehemu ya "Open with" na kufunga dirisha, umebadilisha picha hiyo moja peke yake. Mpaka ubonyeze "Change All" ndipo aina nzima inafuata. Sifa hiyo ya faili moja kuwa na chaguo lake ina ukoo: Mac za zamani zilihifadhi pembeni ya kila faili misimbo miwili ya herufi nne nne, mmoja wa aina na mwingine wa programu iliyoiumba, kiasi kwamba picha mbili za aina moja zilizokaa jirani zingeweza kufunguka kwa programu tofauti. Msimbo wa muumbaji uliachwa kusikilizwa katika toleo la 10.6 la mfumo wa Mac, la mwaka 2009, na wapo waliolalamika sana.

Linux ndiyo niipendayo kwa jambo hili, maana daftari lake unaweza kulisoma kwa macho: faili ya maandishi iitwayo mimeapps.list ndani ya folda ya .config. Aina huandikwa image/jpeg, hivyo .jpg na .jpeg zinakaa mstari mmoja kama inavyostahili. Ukitaka kujua nani ameshika zamu, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) xdg-mime query default image/jpeg.

Jambo ambalo daftari haliwezi kulitibu ni mkia unaodanganya. Kuandika .png mwishoni mwa jina la faili ya JPEG hakuibadilishi kuwa PNG. Ukitazama baiti zake, JPEG huanza na FF D8 FF; PNG huanza na 89 ikifuatwa na herufi PNG; GIF huanza waziwazi na GIF87a au GIF89a. Programu nzuri huangalia baiti hizo na kufungua bila kujali jina. Nyingine huamini jina, zikikuta mambo mengine zinasema faili imeharibika. Kabla hujafuta picha ya namna hiyo, jaribu kuiburuta ndani ya kivinjari.

Ushauri wangu kwa shemeji ulikuwa huu: kubofya mara mbili iwe ya kutazama tu, kwa programu nyepesi kabisa, na ile nzito ya kuhariri aiite kwa kitufe cha kulia siku anapoihitaji. SVG niliiacha kwenye kivinjari, kwa kuwa ni mchoro ulioandikwa kwa maandishi na kivinjari huusoma vizuri.

Tulipomaliza zilibaki picha chache alizopakua mtandaoni, zenye mkia wa .jfif, akadhani ni virusi. Ni JPEG ileile kwa jina lingine. Tukaongeza mstari wake. Na ikabaki moja ya .heic, aliyotumiwa na mtu mwenye iPhone, simu ambazo zimekuwa zikipiga picha kwa mfumo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Hiyo tuliihamisha kwa programu tatu bila mafanikio, kwa sababu kompyuta yake haikuwa na kodeki ya kuisoma, yaani kijiprogramu cha kufasiri mfumo huo wa picha. Tukaisakinisha kodeki, akabofya tena, na mjomba wake akatokea kwenye kioo akiwa amefumba macho.