Nani acheze, nani akae benchi? Dhana potofu katika soka la watoto

Katika timu nyingi za mtaa za chini ya miaka 13, watoto 16 hufika uwanjani na viatu mkononi, 11 wanaanza, na waliobaki wanaingia dakika za lala salama, tena timu ikiwa inaongoza kwa mabao matatu. Kocha anaogopa kufungwa, wazazi wananung'unika pembeni, na hoja zinazotolewa pande zote nyingi hazina msingi.

"Nikiwachezesha wote, tutafungwa."

Kinachofungisha ni kuwaingiza bila mpango. Chukua mechi ya dakika 60, vipindi viwili vya dakika 30. Ukimweka kipa kando, nafasi 10 za ndani mara dakika 60 ni dakika 600. Wagawie wachezaji 15, kila mmoja anapata 40. Sasa kata mechi vipande sita vya dakika 10, na watoto makundi matatu ya watano watano. Kundi A linapumzika kipande cha 1 na cha 4, B cha 2 na cha 5, C cha 3 na cha 6. Hakuna anayekaa nje zaidi ya dakika 10 kwa mfululizo.

Mpango huu huharibikia kwenye kupanga makundi. Kocha akiwakusanya wasio na uzoefu wote kundi moja, mabao mawili yanaingia wakati huohuo, kisha anatangaza kwamba kuzungusha wachezaji hakufai. Kila kundi liwe na mabeki wawili, viungo wawili na mshambuliaji mmoja, na angalau wawili kati yao wawe wanaoujua mchezo vizuri. Makundi mawili yakiwa uwanjani una 4-4-2 kamili (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), na anayeingia anashika nafasi ya anayetoka bila kumhamisha mwingine. Wanaosubiri waanze kupasha misuli dakika tatu kabla. Karatasi ya mpango na saa apewe msaidizi, maana kocha anayefuatilia mpira husahau. Na anayesahaulika karibu kila mara ni yule mtoto mkimya asiyeuliza. Akiumia mtu, aingie wa nafasi yake kutoka kundi lililopumzika.

Je, mchezaji aliyetoka anaruhusiwa kurudi? Tangu 2017 sheria za IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, zinaviruhusu vyama vya soka vya kitaifa kukubali jambo hilo katika soka la vijana. Angalia kanuni za mashindano yenu, na kwenye mechi ya kirafiki kubalianeni na mwamuzi na kocha wa upande wa pili kabla ya filimbi.

Zipo mechi mtakazopoteza kwa sababu hii. Waambieni wazazi mapema, kwenye kikao cha kuanza msimu, si baada ya kufungwa.

"Haki ni dakika sawa, basi."

Kwa walio chini ya miaka 13, ndiyo, sawa au karibu sana na sawa. Kuanzia 13 hadi 15 tunashauri kila aliyeitwa kikosini acheze angalau nusu ya mechi, na nusu nyingine ipangwe kwa juhudi na kiwango. Baada ya hapo ushindani uchukue nafasi yake, ila vigezo vijulikane. Kijana wa miaka 17 anaweza kukubali kukaa benchi akiambiwa waziwazi anachokosa: "Unachelewa kurudi kukaba tukipoteza mpira." Jibu la "subiri zamu yako" halimsaidii kitu.

"Aliye bora leo ndiye mwenye kipaji."

Mpaka wa umri ukiwa 1 Januari, mtoto wa Januari anacheza kundi moja na wa Desemba huku akimzidi karibu mwaka mzima. Hapo bado hujagusa tofauti ya kubalehe, wala vijeba, yaani waliozidi umri wanaochezeshwa na wadogo. Mwenye mwili mkubwa anashinda mbio na vichwa, anapewa dakika, na dakika zinamwongezea uwezo. Mdogo anabaki nje na pengo linakua. Andika tarehe za kuzaliwa kando ya majina ya kikosi chako cha kwanza. Wengi wakiwa wa Januari hadi Machi, huenda unachagua kalenda.

"Wa benchi anajifunza kwa kutazama."

Kidogo sana. Kuamua upige pasi au ukokote huku beki anakujia hujifunzi ukiwa umeketi.

"Bila makombe hawakomai."

Watoto wanapenda kushinda, na si vibaya kuwafundisha kushinda. Lakini Norwei haina misimamo ya ligi kwa watoto kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa hayaruhusiwi kabla ya 13. Mshambuliaji nyota Erling Haaland alilelewa huko, katika klabu ya Bryne.

"Asiyekuja mazoezini asicheze."

Kanuni nzuri, ila uliza kwanza. Mtoto wa miaka 11 hajipangii ratiba: ametumwa sokoni, yuko madrasa, au anamlea mdogo wake. Weka kanuni ambayo yeye mwenyewe anaweza kuitimiza, kama kutoa taarifa kabla. Akikosa bila taarifa, apunguziwe kipande kimoja cha dakika 10 katika mechi inayofuata, na aambiwe sababu siku atakayorudi mazoezini, kabla ya kupanga kikosi.