a-ha si bendi ya wimbo mmoja

Wataje a-ha wa Norwei, na utaulizwa: si wale wa "Take On Me", waliovuma mara moja wakapotea? Sivyo. Dhana hiyo imetokea Marekani, ambako wimbo huo ulishika namba 1 mwaka 1985, uliofuata ukaishia namba 20, kisha redio zikawapa kisogo. Uingereza mambo yalikuwa kinyume: "Take On Me" uliishia namba 2, na ni huo wa pili, "The Sun Always Shines on T.V.", uliofika namba 1 Januari 1986.

Wala "Take On Me" haukuvuma kwa siku moja. Toleo la 1984 lilidoda. Mtayarishaji Alan Tarney akaurekodi upya, ukaja na video mpya: wachoraji wakafuatisha picha kwa penseli, fremu moja moja, takribani 3,000, kwa wiki 16. Kiitikio chake kinaanzia chini kabisa na kupanda oktava (ngazi ya noti nane) mbili na nusu, hadi sauti nyembamba ya kichwani. Ukianza juu kidogo tu, koo litakwama kabla ya noti ya mwisho. Wengi hukosea hapohapo mwanzoni.

Baadaye wakaimba wimbo wa filamu ya James Bond (1987) na kujaza uwanja wa Maracanã, Rio, Brazil, watu 198,000 (1991). Waliagana Oslo 2010, wakarudi 2015, na 2022 wakatoa albamu ya "True North", waliyoirekodi mjini Bodø, Norwei, pamoja na okestra. Isikilizeni hiyo kwanza.