Zhang Ziyi hakukulia kwenye kung fu

Tangu mwaka 2000, alipoonekana akiruka juu ya mapaa katika filamu ya Crouching Tiger, Hidden Dragon, wengi wameamini kuwa mwigizaji wa China Zhang Ziyi amelelewa na upanga mkononi. Sivyo. Mzaliwa huyu wa Beijing aliingia shule ya dansi akiwa na miaka 11, kisha akasomea uigizaji. Filamu iliyomtoa, ya mwongozaji Zhang Yimou mwaka 1999, haina upanga wala teke. Ni binti wa kijijini aliyempenda mwalimu, basi.

Mapigano ya Crouching Tiger yalipangwa na Yuen Woo-ping, na kule kuruka ni waya, zikafutwa baadaye kwa kompyuta. Hata hivyo jasho lilikuwa lake. Mtazame katika House of Flying Daggers ya mwaka 2004: anaigiza kipofu, anarusha mikono mirefu ya vazi lake hadi inagonga ngoma zilizomzunguka, mgongo umepinda kama upinde. Mgongo ule, kwa maoni yangu, unasema yote: ni wa mcheza dansi. Kupigana alijifunzia kazini, na kwa ajili ya The Grandmaster ya mwaka 2013 alifunzwa mtindo wa kung fu uitwao bagua.