Si wote walifungiwa ngomeni

Kwenye magrupu ya waandishi chipukizi wa Mbeya na Iringa kuna ujumbe hauishi kuzunguka: ukiandika riwaya ya Uingereza ya zama za kati, usimpe mwanamke kazi, eti wote walifungiwa ndani. Si kweli. Kabla ya tauni ya 1348, pombe ya shayiri vijijini ilipikwa zaidi na wanawake, kama komoni huku kwetu. Kumbukumbu za mahakama za mabwana mashamba zinawataja kwa majina, wakitozwa faini kwa kipimo pungufu, au kwa kuuza kabla mwonjaji rasmi wa pombe hajaitwa kuikagua. Baadhi zinasomeka bure mtandaoni, zifungue ujionee. Mkanganyiko umeletwa na filamu za mabibi wa ngomeni, ambao walikuwa wachache mno. Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.