Ufunguo wa Diski Yako Anao Nani?

Juma lililopita mteja mmoja aliniletea kompyuta mpakato yake ikiwa imelala ndani ya mkoba tangu asubuhi, kifuniko kimefungwa tu, na nilipomwuliza ndani mna nyaraka gani za siri kabla sijaigusa, alinijibu bila wasiwasi wowote: "Usijali fundi, diski imesimbwa, hakuna anayeweza kuona kitu." Jibu hilo nimelisikia kwa wahasibu, kwa wanasheria, na hata kwa watu wa vitengo vya teknolojia ambao ilipaswa wao ndio wanifundishe mimi. Linaudhi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lingekuwa uongo mtupu ningelimaliza kwa sentensi moja.

Usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, unaokuja na mfumo endeshi, uwe BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux, hulinda data iliyo kwenye diski ya mashine iliyozimwa. Mwizi akiichomoa diski hiyo na kuichomeka kwenye mashine nyingine, ataambulia baiti zisizosomeka, na akitaka kuubahatisha ufunguo wa AES, mbinu ya usimbaji inayotumika humo, atazeeka kabla ya kuupata. Nenosiri la kuingilia peke yake, bila usimbaji, halizuii hata hilo: flashi yenye Linux hulipita kwa dakika chache.

Mashine ikishawaka, mambo hubadilika. Ufunguo hukaa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, na kila programu inayoendeshwa kwa jina lako huzipata faili zako zikiwa wazi, ikiwamo ile programu haribifu uliyoipakua kwa mkono wako mwenyewe. Kufunga kifuniko hakusaidii, kwa kuwa katika usingizi wa kawaida RAM huendelea kupata umeme. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba hata umeme ukikatwa, yaliyomo kwenye RAM hayapotei papo hapo, na chipu ikipozwa kwa ubaridi mkali yanaweza kudumu dakika kadhaa, muda unaotosha kuuokota ufunguo. Nakiri kwamba kibaka wa kwenye daladala hatembei na kopo la gesi baridi.

Kinachonikera zaidi ni ufunguo wenyewe, ambao watu huuzungumzia kana kwamba wameushika mkononi. BitLocker kwa kawaida huukabidhi kwa TPM, chipu ya kutunzia funguo iliyo ndani ya mashine, na kama hukuweka PIN ya kabla ya kuwaka, chipu hiyo huutoa yenyewe kila mashine inapowashwa, kabla hujaandika hata herufi moja. Kuanzia hapo kinachomzuia mgeni ni ile skrini ya kuingilia tu. Pale TPM inapokuwa chipu inayojitegemea kwenye ubao mkuu, ufunguo husafiri kwenye nyaya ukielekea kwenye prosesa, na mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha namna ya kuudaka njiani kutoka kwenye kompyuta mpakato ya zamani ya Lenovo, kwa kifaa kilichojengwa juu ya Raspberry Pi Pico, kibao kidogo cha kielektroniki, katika muda usiofika dakika moja. TPM iliyo ndani ya prosesa huepuka mtego huo mahususi.

Kisha kuna ufunguo wa urejeshaji, ule wa akiba wa kuifungulia diski njia ya kawaida inaposhindikana, wenye tarakimu 48. Katika Windows za nyumbani hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft bila mtu kuulizwa kwa namna ambayo angeielewa, na yeyote atakayeingia kwenye akaunti hiyo, au mamlaka itakayoidai kampuni kisheria, anaweza kuupata. Kabla akaunti haijaunganishwa, kichekesho ni kikubwa zaidi: ukiendesha amri ya manage-bde -status unaweza kuambiwa kwamba diski imesimbwa asilimia 100 huku ulinzi umezimwa, maana yake ufunguo umeachwa wazi kwenye diski ileile. Mac kwa miaka mingi angalau imekuwa ikiuliza kama ufunguo uhifadhiwe iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, au uuandike mwenyewe. LUKS haimwachii mtu nakala; ukilisahau fungu lako la maneno na hukuweka akiba, data imekwenda.

Hapa ndipo ninaposita. Kwa anayehofia kusakwa, ushauri wangu ni toleo la Windows Pro, PIN ya kabla ya kuwaka, na ufunguo kwenye karatasi iliyofichwa. Lakini kwa mwalimu mwenye picha za watoto na tasnifu yake humo, sina hakika kama kuuondoa ufunguo kwenye akaunti ni kumsaidia, kwa sababu wanaofika mezani kwangu wakiwa wamekata tamaa karibu wote ni watu waliosasisha BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, wakakuta skrini ya buluu ikiwadai tarakimu 48 ambazo hawajawahi kuziona.

Yule mteja tulifungua akaunti yake pamoja kuutafuta ufunguo, na hatukukuta kitu. Kwenye orodha ya watumiaji wa mashine, hata hivyo, kulikuwa na msimamizi mwingine: kijana wa dukani aliyemwekea Windows miaka miwili iliyopita na kuingia kwa akaunti yake mwenyewe ili kuharakisha kazi. Ufunguo ulikuwa umekaa kwake muda wote huo. Tuliufuta kwenye mashine, tukatengeneza mwingine, tukauandika kwenye daftari la mteja, na alipotaka kufunga kifuniko aondoke nilimzuia mkono, nikamwomba aizime kwanza.