Mwenyeji Akiomba Picha ya Pasipoti: Dhana na Ukweli

Umeshalipia nyumba, safari ni kesho, mara ujumbe unaingia: "Habari, naomba picha ya pasipoti zenu wote." Kuna anayepiga picha na kutuma kabla hajafikiri, na kuna anayeona ameshatapeliwa. Nadhani wote wawili wamekosea.

Dhana: Mwenye nyumba anayedai pasipoti ni tapeli.

Huenda anatekeleza sheria tu. Italia inamtaka mwenye nyumba apeleke taarifa za wageni kwa polisi ndani ya saa 24 tangu wafike, na ndani ya saa 6 kama wanalala kwa muda usiozidi siku moja. Uingereza ina amri ya mwaka 1972 inayotaka wageni wa kuanzia miaka 16 waandikishwe jina na uraia, na wasio raia wa Uingereza, Ireland wala nchi za Jumuiya ya Madola waongeze namba ya pasipoti na wanakoelekea baadaye. Mwenye chumba kimoja anaweza kubanwa na sheria hizi sawa na hoteli.

Dhana: Basi kama ni sheria, lazima nitume picha.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa sababu tunachanganya mambo matatu: kuonyesha hati, kunukuliwa yaliyomo, na kuacha nakala. Sheria nyingi zinataka mawili ya kwanza tu. Hispania ilipoanza kutekeleza kanuni mpya za kuandikisha wageni tarehe 2 Desemba 2024, wenyeji wengi waliona njia rahisi ni kudai picha. Mwaka 2025 mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo, AEPD, ikafafanua kwamba kudai nakala ni kuvuka mipaka: mgeni ajaze fomu, kisha aonyeshe hati ili ilinganishwe. Sehemu nyingine ni kinyume chake. Japani, mgeni wa kutoka nje asiye na makazi nchini humo huombwa aache nakala ya pasipoti, na hayo ni maelekezo ya serikali.

Kwa hiyo uliza kabla ya kutuma. Unaweza kujibu hivi: "Asante. Nitakuandikia majina, tarehe za kuzaliwa na namba za pasipoti, na hati zenyewe utaziona tukifika. Kama sheria inataka nakala, naomba uniambie ni sheria ipi." Mwenyeji mkweli hakwaziki na swali hilo.

Dhana: Nikiziba namba, nimemaliza kazi.

Inategemea umeziba kwa kitu gani, na wapi. Ile kalamu ya kwenye simu inayopaka rangi nyeusi mara nyingi haizibi sawasawa. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, tarakimu zinarudi. Kisanduku cheusi juu ya faili la PDF nacho huweza kuondolewa, maandishi yakabaki chini yake kama yalivyokuwa. Bandika karatasi kwenye pasipoti yenyewe, kisha ndipo upige picha. Ni njia ya kizamani na hainiangushi.

Halafu kuna mistari miwili ya chini, yenye alama nyingi za <<<. Kila mmoja una nafasi 44, na humo namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda zimeandikwa tena. Nimeona picha iliyozibwa namba kwa ustadi pale juu, huku chini ikisomeka bila shida. Zaidi ya hapo, katika pasipoti nyingi zenye chipu, hayo matatu kwa pamoja ndiyo ufunguo wa kuisoma chipu hiyo kwa karibu.

Ikibidi utoe nakala, andika juu yake, yakikatiza picha na maandishi: jina la nyumba, tarehe za kukaa, na "kwa uandikishaji wa mgeni tu". Serikali ya Uholanzi ina programu ya simu ya kazi hiyo, KopieID. Mwizi hawezi kuitumia nakala ya namna hiyo kwa urahisi kufungulia akaunti.

Dhana: WhatsApp ni salama, ujumbe umefungwa.

Umefungwa ukiwa njiani, mtu wa kati asiusome. Ukifika, picha inaweza kuingia kwenye galari ya mwenyeji na kupanda kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Ukifuta ujumbe kwako, hiyo huigusi. Hata wenye ofisi na kompyuta hupigwa: Agosti 2025, AgID, taasisi ya serikali ya Italia ya mambo ya kidijitali, ilitangaza kwamba makumi ya maelfu ya picha za hati za wageni, zilizoibwa kwenye mifumo ya hoteli, zilikuwa zinauzwa mtandaoni.

Dhana: Ombi limekuja kwenye mazungumzo yaleyale niliyokodia, kwa hiyo ni la mwenyeji.

Akaunti za wenyeji hutekwa. Ukiona kiungo cha "kuthibitisha" kinachodai pasipoti pamoja na kadi ya benki, usikiguse. Mpigie mwenyeji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Dhana: Anaweza kushika pasipoti yangu kama dhamana hadi nitoke.

Pasipoti nyingi zimeandikwa ndani kabisa kwamba ni mali ya serikali iliyoitoa, kwa hiyo si kitu chako cha kuweka rehani. Akitaka dhamana, mpe pesa, akuandikie risiti.