Vidonge vya homa ya ini C: kupona maana yake nini

Mwambie mtu wa Unguja au Pemba kwamba ataanzishiwa dawa za virusi, na fikra zake zitakwenda moja kwa moja kwenye ARV, dawa za maisha. Kwa homa ya ini aina ya C sivyo. Dozi yake ina mwisho, mara nyingi wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona.

Siri iko kwenye kirusi chenyewe. Cha Ukimwi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli, na cha homa ya ini B huacha mbegu yake kwenye kiini cha seli ya ini. Cha C hakina maficho hayo: kinaishi kwa kujinakili tu, basi ukizuia kunakili kinakwisha. Sofosbuvir, moja ya dawa hizo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hujipenyeza kwenye mnyororo wa vinasaba vya kirusi unapojengwa na kuukatiza. Daclatasvir, dawa nyingine, hubana protini nyingine ya kirusi, ndiyo maana mbili hizo huunganishwa. Kabla ya hapo zilikuwepo sindano za interferoni, hata mwaka mzima, zenye homa na sonona, na karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Ilikuwa tiba ya mateso.

Ugonjwa huitwa sugu ukipita miezi 6. Huenezwa kwa damu, hasa sindano za kuchangia, kwa hiyo wengi wanaohusika ni wale wanaojidunga dawa za kulevya, tunaowakwepa mitaani. Anayekunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini, kliniki ya Kidongo Chekundu huko Unguja, hana sababu ya kunyimwa vidonge hivi. Methadoni haizuii tiba.

Kupona huthibitishwa kwa kupima kirusi kwenye damu wiki 12 baada ya kumaliza dozi. Hapa ndipo watu hutishika bure: kipimo cha haraka cha kidoleni hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana na kirusi, nazo hubaki hata kirusi kikishaondoka. Aliyepona anaweza kuambiwa "unao" kila akipimwa hivyo. Adai kipimo cha kirusi. Lakini kingamwili hizo hazimkingi. Akichangia sindano tena, anaweza kuambukizwa upya.

Kabla ya kuanza, pima pia homa ya ini B, maana inaweza kuamka C inapoondoka. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, ya hospitali na ya miti shamba. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya sofosbuvir. Na ambaye ini lake limeshasinyaa kwa makovu, aendelee kupigwa picha ya ultrasaundi kila miezi 6 hata akipona, kwa kuwa hatari ya saratani hupungua tu, haiondoki.